Bombomu Keshakunywa?

Swaleh, wewe na wenzako wa Magogoni mmeniomba niwaeleze tulivyokuwa tukitia bunduki za kale kwenye mchezo wa kompyuta, enzi ambazo nyinyi mnaziona za kale vilevile. Mkanitumia na kipande cha mchezo wenu nikione. Nimekiona. Nilikirudia, kwa sababu mara ya kwanza nilidhani ni macho yangu, haya haya yaliyonistaafisha, yananicheza shere. Hayakuwa macho. Mwanajeshi wenu anakimbia porini na ile rashasha kubwa ya miguu mitatu mkononi. Anaruka gogo nayo. Anapanda ukuta nayo. Anafyatua huku anakimbia, kama mtu aliyetoka na mwavuli.

Basi nimekasirika. Nawaambia mapema msije mkasema ni uzee. Mliomba ujuzi na mtaupata, lakini utakuja na hasira ndani yake kama mchele na mawe yake. Kuchambua ni kazi yenu.

Ofisi yetu ilikuwa Changamwe, ghorofani, juu ya duka la vipuri, upande ambao malori ya Kipevu yakipita vikombe vinasogea wenyewe mezani. Ilikuwa miaka ya tisini. Mchana tulichapa karatasi za forodha kwa maajenti wa bandarini, na kazi hiyo ikipungua tulifanya ile nyingine. Kampuni moja ya ng'ambo ilikuwa na mchezo wa vita wa kufyatuliana risasi, ikataka kuuongezea sehemu ya Vita vya Kwanza vya Dunia vilivyopiganwa huku kwetu Afrika Mashariki. Wenyewe hawakujua huku zilitumika silaha gani. Mwakilishi wao wa Nairobi akatafuta mtu, na mtu akawa ni mwenye ofisi yetu, Ami Athmani, mzee wa Mvita mwenye kanzu safi na subira fupi. Aliipataje kazi ile sijui hadi leo. Nadhani alisema "tunaweza" kabla hajamaliza kuulizwa.

Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya historia, niliyoitembeza ofisi hadi ofisi ndani ya mfuko wa plastiki mpaka ikaanza kujikunja pembe. Ami alinichukua kuchapa. Iliposhuka kazi ya bunduki akasema, "Si wewe ulisomea mambo ya zamani? Basi haya hapa."

Nilikuwa mtu wa kuwaza. Mlango ukigongwa, nawaza nimekosa nini. Nikisalimiwa kwa ufupi, nawaza mpaka jioni. Nilipopewa kuchora singe, lile jisu la mbele ya bunduki, nilikaa nikiwaza kama chuma cha wakati ule kiling'aa au kilikuwa na kutu, na kama ni kutu ni ya mvua au ya damu, na kama ni ya damu nina haki gani ya kuichagulia rangi. Ami alinipitia nyuma, akatazama skrini tupu, akasema, "Mishi, wewe ukipewa chai utauliza majani yamechumwa na nani."

Watu wote walicheka.  Leo ningemjibu: ndiyo, Ami, nitauliza.

Aliyenifundisha kazi ni Kilonzo, mwandishi wa programu, mtu wa Ukambani aliyekuwa akiishi Magongo. Kompyuta alijifunza kwa kuzifungua na kuzifunga mpaka zikamzoea. Bunduki yangu ya kwanza niliichora kwa ubavu, nzima, nadhifu, kama ilivyo kwenye vitabu. Akaitazama akiwa ameshika kiuno.

"Hii umeichorea ukuta," akasema. "Mimi nitaishikaje?"

Hilo ndilo somo la kwanza na bado lina kazi. Katika mchezo wa namna ile silaha haionekani nzima. Mchezaji anaona mikono yake na mgongo wa bunduki chini ya skrini, basi. Kwa hiyo usichore kitu, chora kukishika. Kilonzo alinipa fagio, akaniambia nilitie begani nifumbe jicho moja, na nichore ninachokiona kwa jicho lililobaki. Ajenti mmoja aliingia akanikuta namlenga kwa fagio, akaacha karatasi zake mezani na kuondoka kinyumenyume.

Sauti nazo tulizitafuta palepale. Ule mlio wa kuvuta na kurudisha chuma cha bunduki baada ya kila risasi ulikuwa komeo la choo cha ofisi. Maganda ya risasi yakianguka yalikuwa vifuniko vya soda kwenye sakafu ya saruji. Siku ya kurekodi komeo ilimchukua Kilonzo muda, na nje kulikuwa na mtu anangoja.

"Nyinyi mna nini na hiki choo?" akauliza mlangoni.

"Tunapigana vita," Kilonzo akajibu kutoka ndani.

"Basi msalimu amri, mimi nimezidiwa."

Makosa yalikuwapo, na mengine ni ya lugha yetu. Niliandika maagizo kwamba juu ya kilima uwekwe mzinga. Nilipofungua mchezo, juu ya kilima palikuwa na mti, na juu ya mti lilining'inia gogo lililotobolewa, zuri kabisa, na vitone vyeusi vikizunguka. Nyuki. Ami akaitwa.

"Hii nini?"

"Mzinga," Kilonzo akasema.

"Mzinga wa kupiga, bwana, si wa kurina."

"Hamkusema. Nyumbani kwetu ukisema mzinga mtu anatafuta moto wa kufukizia. Nyinyi watu wa pwani mna Kiswahili kitamu halafu mnakitumia nusu."

Tokea hapo alikuwa ananiuliza kila silaha inakula nini kabla hajaigusa. Nilidhani ni mzaha. Baadaye nikaona ndiyo njia ya kufanya kazi yenyewe. Chukueni gobori, bunduki ya kushindilia. Umbo lake ni bomba na ubao, mtoto atalichora. Lakini gobori linakula baruti, na baruti unaimimina kwa mdomo wa mtutu, unatia risasi, unashindilia kwa ufito mrefu, ndipo unyanyue ulenge. Muda wote huo adui anakuja. Kilonzo hakuufupisha. Alisema mchezaji aone mkono wake mwenyewe unashindilia na asikie nyayo. Hata zile bunduki kuukuu walizopewa baadhi ya askari, zenye baruti ya moshi, tuliziacha zimtoe mchezaji wingu jeupe kila akipiga, ili kila mtu ajue kajificha wapi. Watu wa kampuni walipenda. Walisema kungoja kule kunatisha. Kumbukeni neno hilo, walipenda kungoja, maana nitalirudia.

Sasa niwaambie la nyumbani, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini nimekasirika.

Bibi yangu, Swaleh, ndiye mama wa babu yako. Wewe hukumkuta. Nyumba yetu ya Likoni ilikuwa na desturi moja ambayo sikuiona kwa jirani yeyote. Maji yakiletwa, ya kunywa, kabla mtu hajatia kikombe kinywani, Bibi huuliza, "Bombomu keshakunywa?" Na mmoja wetu humwaga maji kidogo chini ya mlimau ulio karibu na mlango, husema, "Keshakunywa," ndipo tunywe. Wageni walidhani ni mchezo wa watoto. Baba alichukia. Alimwambia mara nyingi, "Mama, hayo mambo ya mizimu yatatutia dhambini." Bibi alijibu vilevile kila mara: "Si mzimu." 

Mimi nilikua nikijua Bombomu ni mtu. Nilimpa sura. Alikuwa mzee mwembamba, jamaa wa mbali aliyekufa kwa kiu au aliyekuwa mkali akicheleweshewa maji. Nilipokuwa chuoni, nikinywa maji bwenini, nilikuwa bado namwaga tone moja dirishani, kwa siri, nisije nikachekwa.

Basi siku moja ofisini nilikuwa namalizia ile rashasha kubwa. Nilikuwa nimejisifu kimoyomoyo, maana ni ngumu. Ina miguu mitatu, ina mkanda wa risasi, na mtutu wake umevishwa koti la chuma lenye maji ndani, kwa sababu inapiga mfululizo na bila maji inaungua. Ami akapita na kikombe chake.

"Ahaa," akasema. "Bombomu."

Nikainua kichwa. "Unamjua?"

"Namjua nani?"

"Bombomu."

"Mishi, una homa? Hiyo bunduki ndiyo bombomu. Askari wa kale waliiita hivyo kwa mlio wake. Bom, bom, bom."

Kilonzo akacheka. Nami nilianza kucheka, halafu nikaacha, kwa sababu mkono wangu ulikuwa bado upo kwenye lile koti la maji, naliongeza kivuli.

"Ami," nikasema, "inakunywa?"

"Inakunywa, ndiyo. Inakunywa kuliko ngamia."

Sikumaliza siku ile. Nilivuka feri nikaenda nyumbani. Nikamkuta Bibi anakuna nazi uani.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Mbona una uso wa mtihani?"

"Bibi, Bombomu ni bunduki?"

Hakuacha kukuna. "Kwani weye ulidhani ni nani?"

"Mtu. Nilidhani ni mtu."

"Baba yangu naye ndivyo alivyoambiwa," akasema.

Nikakaa chini. Akanieleza, na mkono wake haukusimama, nazi inashuka sahanini polepole. Babake, Hamisi, alichukuliwa njiani akitoka kuuza nazi. Hakuulizwa kama anataka vita, hakuambiwa vita ni vya nani. Hakupewa bunduki. Alipewa debe. Debe la maji, na maji yenyewe si ya watu.

"Nyapara aliwapanga akawaambia, huyu Bombomu ndiye bwana wenu. Huyu akifa, nyote mmekufa. Kwa hivyo yeye hunywa kwanza, nyinyi mtakunywa kikibaki. Na hakikubaki, mwanangu. Walipita mahali pa jua, watu wanaanguka, Baba ana debe limejaa kichwani na ulimi umemfura. Mwenziwe alichota kiganja kimoja. Alipigwa viboko mbele yao wote, na asubuhi yake hakuamka."

"Na Babu Hamisi?"

"Baba hakuchota. Ndiyo maana mimi nipo, nawe upo. Aliporudi, mkono ulikuwa umekataa. Akishika kikombe hakipandi. Utauona unatetemeka hapa, kifuani, mpaka amwage kidogo na kuuliza, Bombomu keshakunywa? Ndipo upande. Mama alidhani kachezewa, akaita mganga. Mganga akataka jogoo. Baba akamwambia, si pepo, ni bunduki. Mganga akamchukua jogoo vivyo hivyo."

Nilicheka, naye akacheka, kisha nikamuuliza. "Sasa Bibi, sisi mbona tunaendelea? Tunainywesha bunduki iliyomuua mwenziwe."

Hapo ndipo alipoacha kukuna.

"Hakupewa nishani. Hakupewa picha. Vita vyote vile, alirudi na swali hilo moja. Nilitupe?"

Mimi nilisoma vita vile. Niliandika insha juu ya wapagazi nikapata alama nzuri. Nilijua walichukuliwa kwa nguvu, nilijua walikufa wengi kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Nilijua yote hayo huku namwaga maji dirishani na sijui ninamnywesha nani. Nilirudi Changamwe nikiwaza jambo moja tu, na safari hii halikuwa wasiwasi. Lugha yenyewe ilikuwa imepinduliwa. Bunduki ilikuwa "yeye". Ilikunywa, ikafa, ikawa bwana. Na watu walioibeba waliitwa mizigo.

Siku ile kabla sijaondoka Likoni nilimwambia Bibi, "Nitamtia Babu kwenye mchezo."

"Atakuwa na debe?"

"Atakuwa na debe."

"Na watu watamwona?"

"Lazima wamwone. Bila yeye bunduki haitalia."

Bibi akarudia kukuna nazi. "Basi nitakuja nimwone," akasema.

Kilonzo nilimweleza yote. Hakufanya mzaha. Akauliza swali lake lile lile: "Kwa hiyo inakula nini, na nani anaileta?" Tukafanya kazi. Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye ujuzi mlioniomba. Tulilifanya bombomu liwe la watu wengi, kama lilivyokuwa. Mchezaji akilitaka, anatembea na wapagazi nyuma yake: mmoja na mtutu, mmoja na miguu, wengine na masanduku ya risasi, na wa mwisho na debe. Akitaka kupiga, anasimama, nao wanamwekea. Pembeni mwa skrini tuliweka chupa ndogo ya maji inayopungua kadiri anavyopiga. Ikikauka, bombomu linanyamaza mpaka mwenye debe afike. Ukiwakimbia wapagazi, huna kitu. Ukiwapitisha kwenye risasi wakauawa, huna kitu.

Yule wa mwisho nilimchora mimi. Uso wake ulikuwa mdogo kuliko ukucha, vitone vichache vya rangi. Picha hatukuwa nayo. Nilikuwa nimemuuliza Bibi alifananaje, akasema, "Masikio yako hayo, uliyatoa kwake." Nikamtia masikio yangu. Vitone viwili kila upande, na nilivihamisha na kuvirudisha mpaka Kilonzo akaninyang'anya kipanya.

Siku ya kujaribu, Kilonzo alikuwa anacheza, ametokwa na jasho, adui wanamjia upande wa mto. Akakimbia. Halafu akasimama ghafla.

"Ngoja," akasema, "nimewaacha wale watu."

Akarudi kuwafuata. Hakuna aliyemwambia arudi. Nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi, malori yanapita, nikalia kidogo. Katika miaka yangu yote ya kazi hiyo, hiyo ndiyo silaha niliyoitengeneza ikawa sawa.

Mwakilishi akaja kutoka Nairobi kukagua. Kijana wa tai, wa rika langu, jina lake nimekataa kulikumbuka. Alishika gobori akacheka kwa raha, akarudia, akashindilia, akapiga. Akatiwa wingu la moshi, akapiga makofi. Kisha akafika kwenye bombomu.

"Mbona imenyamaza?"

"Imekauka," nikasema. "Mngoje mwenye maji."

"Huyu ni nani?"

"Mpagazi."

"Ana silaha?"

"Hana."

"Ni adui?"

"Si adui."

"Basi ni pambo. Mtoe hapa umweke kwenye mapambo."

Niwafafanulie. Mchezo ule ulikuwa na mafungu matatu. Kila kitu ulichochora kiliingia kwenye silaha, au kwenye maadui, au kwenye mapambo. Mapambo ni miti, mawe, mapipa, vitu vya kujazia pori lisionekane tupu. Hapakuwa na fungu la nne.

"Akienda kwenye mapambo maji yataletwa na nani?" nikauliza.

"Maji ya nini, dada? Mchezaji anataka kupiga. Hatangoja watu."

"Amengoja gobori. Amepiga makofi."

"Ile ni baruti. Hawa ni watu tu."

Ndivyo alivyosema. Hawa ni watu tu. Alisema kwa upole, hata sidhani alisikia alichokisema. Akaongeza kuwa bombomu libebwe na mchezaji mwenyewe, akimbie nalo, lipige bila kukoma, na kwamba mapambo yasimzuie mtu njiani. Apite tu.

Nilimgeukia Ami. "Ami, babu yangu si pipa."

Ami alitazama dirishani muda mrefu kwa mtu asiye na subira. "Wallahi najua, Mishi," akasema. "Lakini mchezo ni wao. Walitaka bunduki, na tulikubali kuwapa bunduki."

"Hii si bunduki bila maji."

"Kwao ni bunduki."

Kilonzo ndiye aliyewaondoa. Nilimkuta anafuta.

"Umeondoa maji," nikasema.

"Nimeondoa mistari ya programu."

"Mistari hiyo ilikuwa watu, Kilonzo."

Aligeuza kiti. "Unadhani mlichukuliwa nyinyi Wadigo peke yenu? Kwetu kuna kijiji wazee walikuwa wakijificha mapangoni kila wakisikia filimbi ya askari, hata vita vilipokwisha. Usinifundishe hasira, Mishi. Nikikataa mimi, ataletwa mwingine aifute kesho, na huyo hata hatajua anamfuta nani."

Sikumsemesha kwa muda. Hata leo sijui kama alikuwa na haki. Nimewaza pande zote mbili mpaka nikazeeka nazo. Lililo hakika ni kwamba yule wa tai hakuwa mkatili, na Ami hakuwa mkatili, na Kilonzo alikuwa rafiki yangu, na wote kwa pamoja walimfuta mtu kwa siku moja ya kazi na kisha wakanywa chai. Hilo ndilo linalonichemsha. Hapakuwa hata na wa kumchukia vizuri.

Bibi sikumwambia. Nilikuwa natafuta maneno, nayapanga, nayapangua. Kabla sijayapata, akasikia kwa mama yangu kwamba kazi imekwisha, akajifunga leso, akavuka feri na jirani mmoja, akaja mwenyewe Changamwe. Nilisikia sauti yake ngazini.

"Hodi hapa."

Ami akatoka mbio kumkaribisha. Alikalishwa kwenye kiti cha Ami chenyewe, mbele ya skrini. Kilonzo aliniangalia, nami nikamwangalia, kisha akaufungua mchezo kwa sababu hapakuwa na la kufanya.

"Yuko wapi?" Bibi akauliza.

"Yule pale," nikasema. "Mwenye debe."

Alisogeza uso karibu na kioo. Palikuwa na mti, palikuwa na jiwe, na katikati palisimama Babu Hamisi na debe lake kichwani, hatembei, hageuki, hapepesi. Bibi akanyoosha kidole akagusa vile vitone vya masikio.

"Ndiye," akasema.

Kilonzo alitaka kugeuka njia nyingine. Aligusa kitufe vibaya. Mwanajeshi kwenye skrini akaenda moja kwa moja, akapita ndani ya kifua cha Babu kama mtu anavyopita moshini, akatokea upande wa pili.

"Kapita ndani yake," Bibi akasema.

"Ndiyo, Bibi."

"Wala hakupiga hodi."

 Adui wakatokea mtoni, na mwanajeshi, na bombomu lote zima mikononi mwake, akaanza kupiga. Likapiga, likapiga. Ile sauti niliitengeneza mimi, na ilikuwa nzuri.

"Mbona hajanywa?" Bibi akauliza.

"Hili halinywi, Bibi. Walilitoa maji."

"Halinywi kabisa?"

"Kabisa."

"Basi debe lile la nini?"

Nilikuwa na shahada, Swaleh, na nilikuwa na maneno mengi niliyoyapanga siku nyingi. Nilisema, "La pambo."

Kabla sijamaliza, niseme lenu. Mimi sitawaambia msichore vita. Choreni. Lakini leo hakuna kijana wa tai anayewasimamia. Mchezo ni wenu wenyewe, kompyuta ni zenu, na mafungu mnayaweka wenyewe. Mkiweka matatu, ni nyinyi mliochagua. Na wewe Swaleh, masikio hayo unayo. Weka maji kwenye bombomu lako. Weka mtu wa kuyaleta, na akianguka, liache linyamaze.

Siku ile Bibi alikaa kidogo akitazama skrini. Kisha akaomba maji. Ami mwenyewe aliyamimina, ya baridi, kwenye bilauri nzuri ya wageni, akamletea kwa mikono miwili. Nikaanza kuangalia huku na huku kwa desturi, natafuta pa kumwagia, maana ilikuwa sakafu ya ofisi na hapakuwa na mlimau. Nikachukua kisahani cha chai nikamsogezea. Bilauri yake ilikuwa imefika kifuani na imesimama hapo. Nikaona labda anasubiri mmoja wetu aulize, basi nikauliza mimi, kwa sauti ndogo.

"Bombomu keshakunywa?"

Bibi aliitazama skrini. Bombomu lilikuwa bado linapiga, peke yake, bila kuchoka.

"Leo lingoje," akasema, akanywa mpaka bilauri ikawa tupu.

Nilimsikia vizuri. Hakusema angoje. Alisema lingoje.